Mikorosho ya Mtongwe: Soma Jeraha Kabla ya Kufungua Chupa

Swali: Mzee, shikamoo. Marehemu babu alituachia shamba Mtongwe, mikorosho 34 na minazi 12 katikati yake. Mimi nakaa Tudor, shambani nafika Jumamosi tu. Tangu kusi ishike naona mambo matatu. Ncha za machipukizi zinakuwa nyeusi na kukauka, na mashada ya maua vivyo hivyo. Korosho changa zinaanguka zikiwa ndogo kama punje ya haragwe. La tatu ndilo linalonishangaza: kuna matawi mazima yameanguka, mengine yananing'inia, yamekatwa duara kama kwa msumeno. Namshuku kijana mmoja wa jirani, mchoma makaa. Muuzaji wa agroveti kanipa chupa moja, kasema inaua wadudu wote, nipulize mara mbili kwa mwezi, na nianze na maji moto, wale chungu wekundu wanaouma, kwa sababu wamejaa juu ya miti. Chupa ninayo, bado sijaifungua. Nipulize? (Mjukuu wa Mtongwe)

Marahaba, mwanangu. Chupa iache ilivyo. Na huyo kijana mtake radhi kimoyomoyo, kwani aliyekata matawi yako ana miguu sita.

Nianze na huyo mkata matawi, maana ndiye rahisi kumtambua na ndiye anayegombanisha majirani. Ni mbawakawa mwenye vipapasio virefu, mwili sentimita 2.5 hadi 3.5, kichwa na mabega ya rangi nyeusi ya kahawia, mgongo wa rangi ya chungwa wenye michoro myeusi kama wavu. Wataalamu humwita Paranaleptes reticulata. Hutoka kwenye kuni zake katikati ya mwaka, na miezi hii ya kusi ndiyo ya kazi yake. Hutafuna tawi kwa kulizunguka, mfereji wenye umbo la V, mpaka kibaki kijiti chembamba katikati. Halafu jike hutaga mayai kwenye gome, upande wa juu wa ule mfereji, yaani upande unaokufa. Mtoto wake hali mti mbichi; anataka mti uliokauka. Tawi hufa, upepo unalivunja, yeye anabaki ndani akila hadi msimu ujao.

Sasa chukua tawi moja lililoanguka uliangalie mwisho wake. Msumeno huacha uso ulionyooka, na panga huacha mshazari. Huyu huacha ukingo uliochongoka kama penseli ya mtoto wa shule, na katikati mna kipande kidogo kilichovunjika chenye nyuzi. Unene wake mara nyingi ni sentimita 3 hadi 8. Ukiona hivyo, kesi imekwisha.

Tena hapa hakuna dawa ya kupulizia itakayokusaidia, kwa sababu adui wa mwakani yumo ndani ya mti mkavu na dawa haimfikii. Kinachofanya kazi ni kuokota kila tawi lililokatwa, kuyakata na yale yanayoning'inia, na kuyachoma yote kabla mwaka haujaisha. Usiyarundike kando ya ua yawe kuni za Ramadhani. Hapo utakuwa umewajengea nyumba. Yule mchoma makaa unayemshuku, mwite aje ayachukue yote, bora ayachome wiki hiyo hiyo.

Tuje kwa yale mawili mengine, na hapa nataka twende polepole. Wewe unafika shambani saa ngapi? Ukitoka Tudor, ukangoja feri, ukanunua mahamri Likoni, nadhani saa 4 au 5 ndipo unaingia. Saa hiyo wadudu wafyonzaji wameshakula, jua limewachoma, nao wamejificha ndani ya majani. Watu wengi husema "nimetazama, sikuona mdudu, basi ni ugonjwa", wakanunua dawa ya ugonjwa. Wengine humwona sisimizi yeyote aliyepo saa hiyo wakamtwika lawama. Ndiyo maana wanaojifunza kazi hii mimi huwaambia: mdudu anaweza kuwa hayupo, lakini jeraha haliondoki. Jeraha lina umbo lake, kila mdudu na lake.

Ncha zako nyeusi zinanipeleka kwanza kwa mbu wa mikorosho, Helopeltis. Wala si mbu. Ni mdudu mwembamba wa milimita 7 hadi 10, mwekundu mwenye sehemu nyeusi, vipapasio vyake virefu kupita mwili. Alama yake ambayo hakuna mwingine anayo ni kitu kama pini iliyosimama mgongoni, yenye kichwa cha duara. Ukimpiga picha kwa simu ukaikuza picha, ukaiona hiyo pini, huna haja ya kuniuliza.

Hufyonza sehemu laini tu: chipukizi, vikonyo, mishipa ya majani machanga, mashina ya mashada ya maua. Mate yake yana sumu inayoua nyama ya mmea pale anapochoma. Kwenye shina la kijani utaona kovu refu jeusi, limedidimia kidogo, mfano wa mtumbwi mdogo uliotazamwa kutoka juu. Likiwa jipya utakuta tone la utomvu usio na rangi. Kwenye jani changa madoa huwa na pembepembe, kwa sababu yanazuiwa na mishipa, nayo hujipanga kuufuata mshipa mkubwa. Jani likikua, katikati ya doa hukauka na kudondoka, ukabaki na jani lenye matundu ambalo mtu atadhani limeliwa na kiwavi. Makovu yakiwa mengi kwenye chipukizi moja, ncha yote hukauka, na ukitazama mti kutoka mbali ni kama umepitishwa motoni.

Lakini ncha nyeusi peke yake si ushahidi. Ubwiri unga nao huyafanya mashada meusi, na huo ni ukungu, si mdudu. Hupenda usiku wa baridi wenye umande, yaani miezi hii hii. Utautofautisha kwa kidole: kabla maua hayajawa meusi hupakwa unga mweupe au wa kijivu, na ukiusugua unatoka kidoleni kama poda. Mbu wa mikorosho haachi unga. Chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, nayo huleta madoa, ila madoa yake huenea bila mpaka na hushamiri pale mvua na unyevu vinapozidi. Hutaona ule mtumbwi wala tone la utomvu safi. Na inawezekana kabisa ukawa na ubwiri na mbu juu ya mti mmoja. Nimeona mti ambao upande wa bahari una unga, upande wa bara una makovu, na mwenye shamba ameupulizia salfa mara nne akishangaa mbona nusu ya mti haiponi. Salfa huzuia ubwiri. Mbu haimsumbui.

Kwa hiyo Jumamosi moja tu, lala Mtongwe. Amka saa 12 na nusu, umande ukingali juu ya majani. Chagua miti 8 iliyotawanyika shambani, usichague ile inayoonekana mibaya tu. Kila mti tazama pande nne, kila upande machipukizi 10, na uandike kwenye karatasi: yenye makovu ya mtumbwi mangapi, yenye unga mangapi, yaliyo mazima mangapi. Chini ya chipukizi weka kitambaa cheupe au mwavuli uliopinduliwa, kisha ligonge tawi kwa fimbo. Mbu wachanga wataangukia hapo, wengine hawana mabawa bado na wanafanana na chungu wekundu wembamba. Usiwachanganye. Kwenye safu ya pili ya karatasi andika kama mti huo una viota vya maji moto, majani mabichi yaliyoshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe. Viota vya majani makavu usivihesabu, aghalabu vimehamwa.

Hiyo safu ya pili ndiyo nitakayoirudia.

Korosho zinazoanguka zitakueleza habari zake ukiziokota. Tahadhari moja kabla hujashika kisu: ganda la korosho, hata changa, lina mafuta yanayounguza ngozi. Jipake mafuta ya nazi mikononi au vaa glavu, na usijisugue macho. Hilo bibi yako angekuambia bila kusoma kitabu.

Okota kama 30 chini ya miti tofauti. Jua kwamba mkorosho kwa tabia yake huangusha watoto wengi. Shada lenye maua mamia huishia kukomaza korosho chache tu, kwa hiyo kuanguka peke yake si msiba. Unachotafuta ni doa. Korosho iliyochomwa na mdudu ina doa dogo jeusi lililodidimia kwenye ganda, mara nyingine mawili matatu. Kata katikati ya doa: utaona weusi unapenya ndani, na kama punje imeshafanyika, nayo ina baka. Changa kabisa hunyauka, ikawa nyeusi na ngumu. Korosho iliyoanguka yenyewe imesinyaa lakini ngozi yake haina kidonda. Zile zilizochomwa zikiwa zimekaribia kukomaa hazianguki, na hizo ndizo zinazokukosesha bei, kwa maana ganda linaonekana zuri, punje ndani ina madoadoa.

Madoa yakiwa mengi, mshukiwa wangu ni mdudu wa mnazi, Pseudotheraptus wayi. Ni mdudu wa kahawia, sentimita moja na nusu hivi, mwepesi, akikuona huzunguka nyuma ya tunda kama mdaiwa aliyemwona mdai wake. Watoto wake wana rangi ya kahawia nyekundu na vipapasio vinene kidogo. Sasa angalia jina lake na uangalie shamba lako. Babu yako alipanda minazi katikati ya mikorosho, kama walivyofanya wazee wengi wa pwani, na mdudu huyu huishi kwenye yote miwili. Hula pia maembe na mapera. Kwa hiyo usiichunguze mikorosho ukaisahau minazi iliyo juu yake.

Mpe mkwezi kazi ya dakika 10. Akishuka na vidaka, yaani nazi changa, vikiwa bado na kofia zake za kwenye kikonyo, tazama. Mnazi nao huangusha vidaka vingi kwa tabia yake, vikiwa safi. Kidaka kilichochomwa kina kidonda cheusi karibu na kofia, na mara nyingi gundi iliyotoka ikaganda. Kikinusurika kikafika kitale, halafu dafu, kovu hukua nacho: mpasuko mrefu, gundi kavu kama machozi, na nazi iliyopinda. Hata hivyo usikimbilie kumhukumu kwa kila nazi yenye kovu. Kama baka la kahawia linaanzia ukingoni mwa kofia likiwa na umbo la pembetatu, kisha linapanuka na kupasukapasuka kama gome, huo ni utitiri wa mnazi. Huo hata si mdudu, ni jamaa wa kupe, urefu wake kama sehemu ya tano ya milimita, na ajabu yake ana miguu minne tu. Huwezi kumwona bila lenzi, kwa hiyo lile pembetatu ndilo kitambulisho chake.

Na sasa maji moto, ambao umeambiwa uanze nao.

Miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alikuwa Zanzibar akichunguza kwa nini vidaka vya minazi vinapukutika. Mdudu mwenyewe alipewa jina la kisayansi mwaka 1955, na lile neno wayi ni heshima kwa mtafiti huyo. Lililoonekana kule ni kwamba minazi iliyotawaliwa na maji moto ilikuwa salama, na ile waliyofukuzwa ndiyo iliyopukutisha. Tangu hapo kazi nyingi za Tanzania zimeonyesha hivyo hivyo kwenye mikorosho: maji moto huwawinda mbu wa mikorosho na mdudu wa mnazi, wakubwa kwa wadogo, mchana kutwa, na hawadai mshahara. Muuzaji amekuambia uwaue askari ndipo upambane na wezi.

Mimi sisemi haya kwa kumcheka. Nilipokuwa kijana wa kazi nilipulizia shamba zima la mzee mmoja upande wa Kwale kwa dawa kali ya jamii ya pairethroidi, nikajisifu wiki mbili. Maji moto waliisha kabisa. Msimu uliofuata mbu walirudi kabla ya maua kufunguka, na vidung'ata, wale wafyonzaji wadogo weupe, walijaa kwenye vikonyo hata majani yakawa meusi kwa ukungu unaoota juu ya maji matamu wanayotoa. Yule mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ninayo dawa ya kuwarudisha siafu wake. Sikuwa nayo, na jina la siafu sikuthubutu kumsahihisha.

Ndiyo, wanauma. Lakini fikiria: mkorosho hupandi kuuchuma. Bibo likiiva linaanguka, wewe unaokota chini. Anayeteseka ni mkwezi wa minazi, naye mwache ajipake jivu mikononi na miguuni kama wakwezi wanavyojua. Ukweli mwingine ni kwamba maji moto hufuga baadhi ya vidung'ata na wadudu gamba kwa ajili ya utamu. Ni gharama, ila ni ndogo ukilinganisha na korosho wanazokulindia.

Wale unaopaswa kuwatilia shaka ni chungu wadogo wa kahawia wanaokaa chini, kwenye mashina, ambao askari wao wana vichwa vikubwa kupita miili. Pheidole hao hupanda mti, huwapiga maji moto na kuwafukuza. Ukikuta mti hauna viota, futua udongo kwenye shina lake; mara nyingi utawakuta. Na usiparue shamba likawa jeupe kama uwanja wa mpira. Chungu hao wakikosa chakula kwenye majani ya chini, chakula chao kinakuwa juu ya mti wako. Zungushia kila mti nafasi safi ya kuokotea korosho, penginepo fyeka tu. Miti iliyo karibu iunganishe kwa kamba au fito ili maji moto wavuke wenyewe. Kuhamisha kiota kimoja kwenye gunia hakusaidii ikiwa malkia hayumo. Watakaa miezi michache kisha wataisha.

Sasa chukua ile karatasi yako. Linganisha miti yenye viota vibichi na isiyo navyo: ipi ina makovu ya mtumbwi mengi zaidi? Dau langu ni kwamba miti uliyoambiwa upulize kwanza ndiyo yenye afya. Lakini usiniamini mimi, amini hesabu yako, kwa sababu miti ni yako na huenda shamba lako lina jambo ambalo sijaliona.

Chupa sasa. Soma kibandiko. Kama hakina namba ya usajili inayoanza na PCPB, yaani bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu, irudishe dukani. Kama inayo, tafuta neno "mkorosho" kwenye orodha ya mimea. "Inaua wadudu wote" si jina la mmea. Kama hesabu itaonyesha miti kadhaa isiyo na maji moto imeumizwa sana na mbu, hiyo michache ndiyo ya kupulizia, machipukizi na mashada tu, jioni, si maua yakiwa wazi mchana nyuki wakiwa kazini. Miti yenye viota usiiguse. Kupulizia mara mbili kwa mwezi bila kutazama ni biashara ya muuzaji, si kilimo.

Hujaniuliza kuhusu mashina, ila ukiwa pale pitisha macho. Utomvu wa rangi ya asali unaochuruzika si kitu, mkorosho hulia wenyewe. Utomvu mweusi uliochanganyika na unga wa mbao ni fukusi wa shina, Mecocorynus loripes. Chokonoa kwa waya, mtoe funza mweupe asiye na miguu, na wakubwa wao, wa kijivu wenye vinundu kama kipande cha gome, waokote kwa mkono. Mnazi ambao makuti yake yamekatwa pembetatu kama feni ni kazi ya chonga, yule mwenye pembe; tazama kama una magogo ya minazi yanayooza au lundo la samadi karibu, maana humo ndimo anamolelea funza wake.

Ukikwama kwenye lolote, usinitumie jani kwenye mfuko wa plastiki, linaoza njiani. Jani na chipukizi vikunje ndani ya gazeti, mdudu mwenyewe mtie kwenye kichupa chenye spiriti, korosho zilizokatwa zipige picha kando ya sarafu ya shilingi 10 ili ukubwa uonekane. Kwa kuwa unakaa Tudor, kituo cha KALRO Mtwapa, cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ni daraja moja tu kupita Nyali, na minazi na mikorosho ndiyo kazi yao. Nenda na ile karatasi ya hesabu, si na chupa.